Anasoma bila kukwama, mbona ufahamu anafeli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la tano, shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Anasoma gazeti kwa sauti bila kukwama, lakini maswali ya ufahamu anapata 2 au 3 kati ya 10. Shuleni naambiwa tu “asome sana”. Je, mtoto wa umri huu anatakiwa aweze nini hasa, na mimi nimsaidieje nyumbani?

JIBU: Marahaba, mama. Huyo mtoto ameshaivuka kazi kubwa ya darasa la kwanza na la pili, ile K ya kusoma katika KKK. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo akishazishika silabi anatamka neno lolote, hata asilolijua maana. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika: sauti inatoka safi, tunadhani na maana imeingia. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu ya kuzidisha: kuelewa unachosoma ni uwezo wa kutambua maneno mara uelewa wa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Kwa hiyo mpime kwanza. Msomee habari fupi asiyoijua, umwulize maswali. Siku nyingine mpe habari ya kiwango hichohicho asome mwenyewe kimyakimya. Akielewa ya kusomewa tu, bado nguvu zake zinaishia kwenye kutamka. Akishindwa zote mbili, msamiati wake ni mdogo, au hajaonyeshwa namna ya kulitafuta jibu. Kwa unavyomweleza, nadhani hajaonyeshwa.

Sasa, anatakiwa aweze nini? Mtihani wa kimataifa wa PIRLS, unaopima watoto wa darasa la nne tangu 2001, huangalia mambo manne: kupata jibu lililoandikwa waziwazi, kubaini lisilosemwa lakini linaonekana, kuunganisha mambo yaliyotawanyika katika aya mbalimbali, na kuipima habari yenyewe, kwa mfano kama kichwa chake kinafaa. Kwa darasa la tano na la sita la kwetu ongeza ufupisho, nahau na methali, na shairi. Si kazi ndogo. Afrika Kusini ilipima watoto wake mwaka 2021 katika lugha zote 11 zilizokuwa rasmi, na asilimia 81 ya darasa la nne hawakufikia kiwango cha kusoma kwa kuelewa. Mwanao hayuko peke yake.

Wengi hukwama kwenye lile la pili, la kubaini lisilosemwa. Mpe habari kama hii:

“Mzee Salehe aliyatazama mawingu, akawaambia wanawe warudishe nyavu ghalani. Mkewe aliposikia, alitoa maharage ya akiba akaanza kuyachambua.”

Ukiuliza “Nyavu zilirudishwa wapi?” atajibu mara moja, kwa sababu neno “ghalani” liko palepale. Uliza “Kwa nini mke alitoa maharage?” Mtoto aliyezoea kuwinda maneno atanakili: “Kwa sababu aliposikia.” Anatakiwa aunganishe: mawingu ni dalili ya hali mbaya ya hewa, nyavu zikirudi ghalani hakuna kuvua, na bila kuvua hakuna samaki wa kitoweo. Uvuvi haukutajwa hata mara moja, lakini umo. Akikosea usimpe jibu; mwambie aonyeshe kwa kidole sentensi iliyomfanya aseme hivyo. Swali hilo moja, “umejuaje?”, nalithamini kuliko kitabu kizima cha mazoezi.

Jambo jingine, ambalo naona tunalipuuza sana, ni viambishi. Katika Kiswahili mtenda na mtendwa mara nyingi wamefichwa ndani ya kitenzi. Soma naye hii: “Asha aliweka kikombe juu ya meza, ikatikisika, kikaanguka.” Nini kilitikisika? Meza, kwa sababu ya “i”. Nini kilianguka? Kikombe, kwa sababu ya “ki”. Mtoto anayesoma mbiombio huziruka herufi hizo, na akifika aya ya tatu hajui tena nani kamfanyia nani nini. Mkisoma, simama kwenye kitenzi kimoja kimoja umwulize: “Hapa ni nani?”

Halafu kuna maarifa. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu kwa kusoma lakini wanaujua mchezo waliielewa kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mtoto wa Morogoro mjini akipewa habari ya jahazi na tanga, atahangaika hata kama ana akili nyingi. Kwa hiyo mazungumzo ya jikoni, safari ya sokoni, taarifa ya habari mnayoisikiliza pamoja, vyote hivyo ni maandalizi ya ufahamu. Mweleze vitu, na mjibu anapouliza.

Kwa nyumbani, mara 3 kwa wiki zinatosha, dakika 20 kila mara, habari moja fupi. Asome kichwa cha habari abashiri kitakachosemwa. Asome kimya. Kisha atunge yeye maswali mawili akuulize wewe, moja ambalo jibu lake limeandikwa, moja ambalo halikuandikwa. Kutunga la pili kutampa taabu mwanzoni, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Amalizie kwa kukusimulia habari nzima kwa sentensi mbili bila kutazama.

Na shuleni, usirudi na ombi la jumla. Nenda na daftari lake la Kiswahili, muangalie na mwalimu maswali aliyokosa: ni yale ya “nani” na “wapi”, au ni ya “kwa nini” na “unafikiri”? Kama ni ya “kwa nini”, mwombe mwalimu, wakati wa kusahihisha, alionyeshe darasa zima ubaoni jibu limetoka kwenye sentensi zipi, badala ya kuandika jibu sahihi tu na kuendelea.