Ukienda Msibani, Usimsemee Mungu

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dar es Salaam. Anayeshika kazi hii huzoea simu za alfajiri: fulani wa mtaa wetu amefariki, nenda. Mara nyingi sisi wazee tunafika kabla turubai halijafungwa na viti havijashushwa, na tunakaa mpaka watu wa mwisho wanapoaga. Kwa hiyo nimesikia maneno mengi ya faraja. Naandika kwa sababu baadhi yake yanajeruhi, na anayejeruhi anakuwa amelitaja jina la Mungu.

Mnayajua. "Mungu amempenda zaidi." "Mungu ameona ua zuri bustanini, akalichuma." "Kazi ya Mungu haina makosa, usilie." Wanaoyasema hawana nia mbaya hata kidogo. Wanamwona mwenzao anagaagaa kwa uchungu, kimya kinawalemea, basi wanachukua neno la kwanza linalokuja mdomoni. Lakini mama mmoja kijana aliyefiwa na mtoto wake wa kwanza alisubiri wageni wapungue, akaniuliza, "Baba, kwani mimi sikumpenda vya kutosha?" Alikuwa ameambiwa hivyo na watu wengi siku hiyo, akafika mahali pa kufikiri kwamba ameshindana na Mungu kumpenda mwanawe, naye akashindwa.

Tuangalie maneno hayo yanafundisha nini. Yanamfanya Mungu kuwa mchuma maua, na kifo kuwa mkono wake. Paulo, katika 1 Wakorintho 15:26, anakiita kifo adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui! Kristo alikuja kumshinda huyo, akafufuka ili kumshinda. Tukisimama kando ya jeneza tukasema kifo ni zawadi kutoka mbinguni, tunaipunguza Pasaka yenyewe. Kwamba Mungu anatawala hata pale tunapofiwa, ninaamini kwa moyo wote. Ila kuamini hivyo ni jambo moja, na kumweleza mfiwa kwa nini Mungu ameruhusu hili limpate yeye ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili hatukupewa.

Utaniambia: mbona Ayubu alisema, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana na libarikiwe"? Ndiyo, alisema, sura ya 1 mstari wa 21. Angalia lakini ni nani anayesema. Ni mfiwa mwenyewe, amepoteza watoto kumi kwa siku moja. Hakuna mgeni aliyekuja kumwambia aseme hivyo. Kwenye mahubiri yetu ya maziko mstari huu tumeuhamisha, tumeutoa kinywani mwa aliyefiwa tukautia kinywani mwa waliokuja kumpa pole. Mfiwa akiutamka mwenyewe, itikieni amina. Asipoutamka leo, asilazimishwe.

Na wale rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, ambao tumezoea kuwalaumu, walianza vizuri kuliko wengi wetu. Waliketi naye chini siku saba, usiku na mchana, hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Aliyefungua kinywa kwanza ni Ayubu, sura ya 3, tena akailaani siku aliyozaliwa. Hapo ndipo wenzake wakaanza kumtetea Mungu kwa hoja ndefu, sura baada ya sura. Mwishoni, sura ya 42, Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Mtu aliyelalamika mpaka akamtaka Mungu amjibu ndiye aliyesifiwa. Kila mara ninapoelekea nyumba yenye msiba ninalikumbuka hilo.

Halafu kuna Bethania, Yohana 11. Martha anatoka kumlaki Yesu na maneno yanayofanana sana na lawama: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye anayarudia yaleyale. Yesu hamkemei hata mmoja. Na hapa ndipo penye uzito kwangu: alikuwa anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini, maana alishawaambia wanafunzi wake njiani. Hata hivyo alipomwona Mariamu analia, alilia naye. Kama matumaini ya ufufuo yangekuwa yanafuta machozi papo hapo, yeye ndiye angekuwa wa mwisho kulia. Kwa hiyo lile neno la Paulo kwa Wathesalonike, tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini, halikatazi huzuni. Linatupa matumaini ndani ya huzuni hiyohiyo.

Kwa hiyo, ukifika, sema pole. Inatosha. Keti. Ukimfahamu marehemu, mtaje kwa jina na ueleze jambo alilokutendea, kwa kuwa wafiwa wana njaa ya kusikia kwamba mtu wao alikuwepo na alikuwa na maana kwa watu. Mdogo wangu alipofariki, nimesahau karibu hotuba zote zilizosemwa, lakini namkumbuka fundi mmoja aliyefanya naye kazi, akatueleza jinsi mdogo wangu alivyomkopesha nauli kila mwisho wa mwezi bila kumdai. Kama huna la kusema, nenda jikoni kwa akina mama ukaulize kama maji yanatosha na mkaa umebaki kiasi gani.

Ukiombwa uombe, omba Zaburi. Nyingi kati ya zile 150 ni za kulalamika, nasi tunaziruka tukikimbilia ya 23. Soma ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Kwa msiba mzito kupita kiasi kuna ya 88, ambayo inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na kuishia gizani bila jibu. Niliisoma katika nyumba moja ya wazazi waliozika vijana wawili pamoja, na baba wa nyumba, ambaye tangu jana yake hakuwa amefungua kinywa, akaniomba niirudie. Usiongeze mahubiri baada yake. Kristo mwenyewe pale msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Aliyefiwa akilia hivyo hajaikosea imani.

Wahubiri nao, nawaomba kwa heshima: maziko si mahali pa kuwatishia ndugu wa marehemu kuhusu mahali alipo. Hukumu ni ya Mungu.

Na kuna jambo ambalo sharika zetu zinalifanya kwa unyonge sana: kinachofuata baada ya kuanua matanga. Turubai linaondoka, kwaya inarudi kwenye mazoezi, mjane anabaki na makaratasi. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kikao cha ukoo kinahitaji kukaa na kupendekeza msimamizi wa mirathi, na hapo mara nyingi shemeji wanaanza kuulizia kiwanja. Kisha mahakamani, foleni, nakala, rudi kesho. Yakobo 1:27 inasema dini iliyo safi mbele za Mungu ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao, na dhiki yao kwa sehemu kubwa inakuja katika miezi hiyo. Mtaani kwetu tumekubaliana kwamba kila msiba unapokwisha, wazee wawili, mama na baba, wanakabidhiwa nyumba ile kwa mwaka mzima: kuambatana na mjane ofisini na mahakamani, kuketi naye kwenye kikao cha ukoo kama mashahidi ikiwa ataridhia, kuuliza ada ya shule ya watoto imefikia wapi. Jambo hili linaanzishwa kwa kikao kimoja cha wazee na daftari la kuandika majina. Lipelekeni kwenye baraza la usharika wenu kabla msiba mwingine haujatokea.