Jinsi planktoni wa Aktiki wanavyolala topeni

Ndugu, umeuliza iwapo ni kweli kwamba tope la chini ya bahari ya Aktiki, likiwekwa maabarani, linaweza kutoa viumbe hai. Ni kweli, na nilijionea mwenyewe nilipokuwa masomoni Norwe, kabla sijarudi hapa Moshi kufundisha biolojia.

Huko Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo nyuzi 78 kaskazini, jua halichomozi kwa zaidi ya miezi mitatu. Wengi hudhani giza na baridi ndivyo vinavyowalaza planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea majini. Kwa diatomu (mwani wa seli moja) wa jenasi ya Chaetoceros, hata hivyo, sababu kubwa ni kwisha kwa naitrojeni majini baada ya kuzaliana kwa wingi, wakati jua bado linawaka: hapo hujifungia ndani ya ganda nene la silika wakiwa na akiba ya chakula, kisha huzama hadi topeni. Dinoflajelati, planktoni wengine wa seli moja, nao hutengeneza sisti, yaani kifuko cha kulalia, yenye ukuta ambao hata asidi kali haiuyeyushi.

Tulichuja tope hilo, tukalitia kwenye chupa za maji safi ya bahari, tukaziweka kwenye joto la nyuzi 4 za Selsiasi, taa ikiwaka. Baada ya siku chache hadubini ilionesha minyororo mizima ya Chaetoceros. Sampuli mbili zilizoachwa mezani usiku kucha taa ikiwaka tulizitupa, kwa kuwa hatukuweza tena kujua ni wangapi walikuwa wamelala na ni wangapi wameshaamka.

Uchagani tunaloweka ulezi ili upate kuota uwe kimea cha mbege, na wanafunzi wangu huelewa haraka nikianzia hapo, ila tofauti ni muhimu: ulezi husubiri maji, ilhali hawa wamo majini tayari, wakisubiri mwanga na oksijeni. Ndiyo maana tope lisilo na oksijeni huwatunza vizuri mno. Mwaka 2025 watafiti wa Ujerumani walieleza jinsi walivyoamsha diatomu aina ya Skeletonema marinoi kutoka bahari ya Baltiki, kwenye tabaka la takribani miaka 7,000.

Linalonitia wasiwasi ni bahari ya Chukchi, karibu na Alaska, ambako sakafu imejaa sisti za Alexandrium catenella, dinoflajelati anayetoa saksitoksini, sumu inayopooza misuli ya mtu aliyekula kome walioinyonya. Maji ya chini yalipokuwa baridi sana, sisti hizo ziliota kwa shida. Sasa yanapata joto, nazo huota mapema na kwa wingi zaidi.