Ukipewa kazi ya kuandika habari za idara ya miliki chuoni, anza na mzee anayestaafu

Kama uko idara ya miliki, ile inayotunza majengo, maji na umeme, kwenye chuo chochote cha umma hapa Tanzania, uwe fundi, mhandisi au karani kama mimi, kuna siku bosi atakuita akwambie "wewe si unajua kuandika andika, basi kuanzia mwezi huu utakuwa unatuandalia taarifa ya idara, habari za wafanyakazi na miradi". Usikatae. Ni kazi nzuri, ila wengi wanaiharibu kwa kuigeuza salamu za mkurugenzi na picha za watu wamesimama mbele ya jengo na helmeti nyeupe ambazo hazijawahi kuona vumbi. Mimi nimeifanya miaka kadhaa sasa na haya naandika kwa ajili ya yule aliyeangushiwa juzi na hajui aanzie wapi.

Kwanza jua unamwandikia nani. Msomaji wako sio mkurugenzi, yeye hizo habari anazo tayari, amekaa nazo kwenye vikao mpaka zimemchosha. Msomaji wako ni fundi umeme anayesaini daftari la mahudhurio saa moja na nusu asubuhi, ni wadeni wa hosteli, ni mlinzi wa zamu ya usiku, ni dada wa usafi anayefungua vyoo vya madarasa kabla hata jua halijachomoza vizuri. Hawa wanataka kujua vitu vichache tu: nani yupo na nani hayupo, nini kimefungwa na mpaka lini, na kikiharibika kitu apigiwe nani. Taarifa yako ikijibu hayo itasomwa, isipojibu watakuwekea dole gumba kwenye grupu alafu maisha yanaendelea.

Sasa nije kwenye habari za wafanyakazi, na hapa nataka nikae kidogo maana ndo penye utamu.

Kustaafu. Kwenye utumishi wa umma kwa lazima ni miaka 60 na kwa hiari 55, kwa hiyo tarehe ya mtu inajulikana miaka mingi kabla, haiji kama ajali. Lakini angalia tunavyofanya, mzee anakaa pale zaidi ya nusu ya umri wake, wiki ya mwisho ndo tunakumbuka kuchangishana, tunanunua jokofu au godoro, soda, picha ya pamoja, na kwenye taarifa tunaandika "idara inamshukuru kwa utumishi uliotukuka na inamtakia maisha mema". Wiki mbili baadaye bomba linapasuka nyuma ya maktaba na hakuna anayejua linafungiwa wapi.

Ushauri wangu ni kwamba habari ya mtu kustaafu uianze mwaka mzima kabla, na iwe habari ya anachokijua. Vyuo vyetu vingine majengo yake yana umri, pale Mlimani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihamia mwaka 1964, hesabu mwenyewe. Kwenye majengo ya umri huo bomba la chuma limeunganishwa na la plastiki, la plastiki likaunganishwa na PPR (plastiki ya kuunganishwa kwa joto), kila awamu fundi wake, na michoro ya zamani kama ipo basi ipo kabatini imeliwa na mchwa, na hata ukiipata utakuta bomba lilipita kushoto na mchoro unasema kulia. Mchoro wa kweli uko kichwani mwa mzee.

Sisi mzee wetu wa maji alikuwa anatembea na kipande cha nondo, sio cha kuchimbia, cha kusikilizia. Usiku watu wakishalala na matumizi yakipungua anaweka ncha moja juu ya bomba, nyingine anaiegemeza sikioni, ananyamaza, alafu anasogea mbele anarudia, mpaka anafika mahali anasema chimbeni hapa. Watoto wa siku hizi walikuwa wanamcheka lakini wakichimba wanakuta tope. Basi tulipobakiza kama mwaka hivi astaafu nikamwomba kiongozi wa karakana tuwe tunazunguka naye kila Ijumaa mchana, mimi na fundi mmoja kijana. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, tunaanza. Kila geti valvu, yaani koki kubwa ya kufungia maji kwenye bomba, anayotuonyesha tunaipiga picha, tunaweka pini kwenye Google Maps, na tunaandika maneno yake kama alivyoyasema. Mfano kuna moja karibu na jiko akatuambia "hii mwanangu inafungwa kinyume, ukiizungusha kama zingine ndo unazidi kuifungua". Nyingine iko chini ya kifuniko cha chemba ambacho kilifukiwa kwa zege wakati wa kutengeneza njia, alikuwa anakipima kwa hatua kutoka kwenye mwembe, na mwembe wenyewe ulishakatwa, akabaki anapima kutoka kwenye kisiki. Alafu akamgeukia yule kijana akamwambia geti valvu ukiifungua mpaka mwisho irudishe kidogo, usiiache imekaza, itaganda na siku ukiihitaji itakukatikia mkononi.

Hayo yote nikawa nayaweka kwenye taarifa ya kila mwezi, valvu moja au mbili na picha, chini ya jina la mzee. Watu walisoma kuliko chochote nilichowahi kuandika. Na mzee mwenyewe alikuwa anakuja kuuliza mwezi huu umeniandika nini.

Upande wa pili ni mgeni. Siku hizi ajira zinapitia Sekretarieti ya Ajira, kijana anaripoti na barua yake, ana cheti chake cha VETA level tatu au diploma, anapelekwa karakana anaambiwa kaa pale. Kwenye taarifa tunaandika "tunamkaribisha mtumishi mpya" basi imetoka hiyo. Yani hata wadeni hajui kama kuna fundi umeme mpya, anaendelea kumpigia yule wa zamani aliyehamishiwa kampasi nyingine. Ukimtambulisha mgeni andika anashika majengo gani, zamu yake ni ipi, yuko chini ya fundi nani, na namba ya ofisi ya kuripoti matatizo. Namba yake binafsi usiweke mpaka akubali, la sivyo atapigiwa saa nane usiku kwa sababu ya taa ya korido.

Likizo nayo ni habari. Mtu akienda likizo yake ya siku 28 andika nani anashika funguo zake. Hii inaonekana ndogo mpaka siku jenereta limegoma na ufunguo wa chumba uko Kigoma.

Kuna kundi moja ambalo karibu kila idara inalisahau, wale wa kampuni za usafi na ulinzi. Kwenye makaratasi sio watumishi wa chuo, kwa hiyo hawamo kwenye grupu, hawamo kwenye taarifa, Mei Mosi hawamo. Lakini fikiria nani anaona kwanza maji yanachuruzika ukutani? Ni dada wa usafi. Nani anasikia pampu inalia vibaya usiku? Ni mlinzi. Mimi nilipigania wawekwe, nikaambiwa "hao sio wetu", nikajibu sawa sio wetu ila maji ni yetu. Wakawekwa. Ukipata taarifa kutoka kwao ikatengenezwa, andika hivyo hivyo, kwamba aliyetushtua ni dada wa usafi wa ghorofa ya tatu, kama hataki jina lake basi cheo tu kinatosha.

Magonjwa na misiba, kwa kifupi: muulize mwenyewe au familia kabla hujaandika chochote, na mtu akiumwa andika anaumwa, ugonjwa gani haumhusu mtu. Mfanyakazi hodari wa Mei Mosi, kama una sauti pale idarani, pendekeza mafundi wamchague wenyewe, maana wao wanajua nani anapanda paa na nani anashika ngazi tu.

Haya, miradi.

Usiandike asilimia. "Ukarabati umefikia asilimia 65 na unaendelea vizuri" haimsaidii mwanafunzi anayetafuta choo. Andika "vyoo vya ghorofa ya pili bloku B vitafungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki inayofuata, tumieni vya ghorofa ya kwanza, maji ya bloku nzima yatakatika Jumatatu saa tatu mpaka saa sita". Na kazi ikichelewa sema imechelewa na kwa nini, kwa mfano manunuzi bado yako NeST (mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni), au hela ya OC, ile ya matumizi ya kawaida, haijaingia. Watu wanaelewa kuliko tunavyodhani, kinachowakera ni kimya. Alafu kalenda yako iwe na tarehe za UE (mitihani ya mwisho wa muhula) na mahafali, usiache mkandarasi atoboe ukuta kwa drili mwanafunzi yuko chumba cha pili anafanya mtihani, na paa na gata zishughulikiwe mapema maana mwaka wa fedha unaanza Julai, hela zinakuja zinavyokuja, na vuli haisubiri, inakukuta Oktoba wanafunzi nao ndo wanaingia na masanduku yao.

Elezeni mambo mapema kabla hayajaelezwa na wengine. Mnakumbuka Desemba 2017, zile hosteli mpya za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizofunguliwa Aprili mwaka huo huo, za wanafunzi 3,840, picha za nyufa zilivyozunguka mitandaoni? TBA (Wakala wa Majengo Tanzania) waliojenga wakaeleza kwamba ni nafasi zilizoachwa makusudi ili majengo yatanuke na kusinyaa. Sitaki kurudia ubishi ule. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kitaalamu yakija nyuma ya picha yanaonekana ni utetezi hata yakiwa ya kweli. Jengo jipya likikabidhiwa andika ukurasa mmoja, nafasi hizi ni za nini, mlango wa dharura uko wapi, mainswichi iko wapi, ubandike kila ghorofa kabla wanafunzi hawajahamia.

Na majengo mapya ni mengi miaka hii. Mradi wa HEET, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioanza 2021, umeleta majengo kwenye vyuo vingi vya umma, na hapa nitatoa dukuduku langu: tunapiga picha nyingi siku ya jiwe la msingi na hatuandiki hata mstari mmoja kuhusu nani ataosha matangi, nani atabadilisha taa, mafundi wangapi wameongezwa. Andika wewe. Na andika tarehe moja ambayo ina thamani kuliko ya uzinduzi, tarehe ya mwisho ya kipindi cha matazamio. Kwenye kipindi hicho kasoro zikijitokeza ni za mkandarasi, kikishapita ni zako. Mimi tarehe hiyo naiandika kwa herufi kubwa kila mwezi mpaka ipite, "jengo fulani, matazamio yanaisha lini, kasoro zote ziletwe kabla", na inaleta matokeo, wadeni wanaanza kufungua milango na makoki waliyokuwa hawayagusi. Pia uliza kama funguo zote zimekabidhiwa pamoja na michoro ya jengo lilivyojengwa kweli, sio ile ya zabuni.

Jikoni je? Serikali ilivyosema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa mwisho Januari 2024, mikahawa ya vyuo ilibidi ihangaikie gesi. Mradi kama huo habari yake kubwa ni kwamba kina mama wa jikoni wote, hata yule wa kibarua, wanajua koki kuu ya gesi iko wapi na wameshaifunga kwa mikono yao. Kama hawajui basi mradi haujaisha, hata kama cheti cha kukamilika kimeshasainiwa.

Kuhusu namna ya kutuma, achana na PDF ya kurasa kumi na mbili yenye rangi, bando ni la mtu na simu zimejaa. Tuma meseji fupi ya maandishi kwenye grupu, picha mbili tatu, na kwa mafundi wasiopenda kusoma rekodi voisi ya dakika mbili. Nakala moja chapisha uibandike karakana pale pale kwenye daftari la mahudhurio, hapo hakuna anayepita bila kusimama. Picha omba ruhusa, na ikague vizuri kabla hujatuma, maana fundi akionekana kwenye picha yuko juu ya ngazi bila mkanda au anashika umeme bila glavu hiyo sio habari tena, ni ushahidi, na utamponza yeye na wewe.

Bosi ataitaka aipitie kabla haijatoka, ni haki yake. Atakachofanya mara nyingi ni kukata ile sehemu inayosema kazi imechelewa. Usibishane naye mbele ya watu, mfuate ofisini umuulize kwa heshima, "mkuu, wadeni akinipigia kesho kuuliza nimjibu nini?" Mara nyingi anairudisha mwenyewe. Na akitaka salamu zake zikae juu kabisa, ziweke juu, mistari miwili, alafu endelea na ratiba ya maji.