Sproketi za milimani: kabla hujagusa meno, ikague cheni

Vijana wangu, cheni iliyochoka haiponi kwa kukatwa pingili. Mwezi huu nimeiona tena kazi hiyo kwenye pikipiki aina ya Boxer iliyoletwa kwangu kutoka milimani: ekseli imerudishwa hadi mwisho wa alama, pingili mbili zimetolewa, sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo la meno linalovuta cheni, inang'aa kwa upya, na cheni yenyewe ukiivuta kwa vidole nyuma ya sproketi kubwa inainuka hadi unaona nusu ya jino. Aliyeifunga ni kijana mwenye mkono mzuri. Ndiyo maana nimeudhika. Angekuwa mzembe nisingepoteza muda wangu kuandika.

Nazungumza na ninyi mnaofanya kazi Soni, Lushoto, Mlalo na vijiji vya juu, mnaohudumia pikipiki zinazobeba viazi na kabichi kwenye njia ambazo gari dogo halifiki. Dereva wa huku akija husema neno lile lile: "Fundi, haivuti. Niwekee sproketi ya mlima." Maana yake umpunguzie meno ya mbele au umwongezee ya nyuma. Kuanzia hapo kazi iko mikononi mwako.

1. Kwanza hakikisha tatizo ni sproketi kweli. Pikipiki iliyokuwa ikikimbia vizuri Tanga, usawa wa bahari, ikifika Lushoto mjini, karibu mita 1,400 juu, lazima ipungue nguvu. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taibo (pampu ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Hapo bado hujahesabu chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Kwa hiyo fungua chujio, tazama plagi, inua tairi la nyuma ulizungushe uone kama breki inashika. Ukitia moto, yaani ukivuta mafuta, injini ikapiga kelele na pikipiki haisogei ipasavyo, hizo ni pleti za klachi zinateleza; ukimbadilishia sproketi utakuwa umekula hela ya mtu bure.

2. Jua hesabu yako. Sproketi haiongezi nguvu ya injini hata kidogo. Inauza mwendo ili inunue mvuto, basi. Chukua pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma: 42 gawanya kwa 14 ni 3. Ukiweka 13 mbele unapata 3.23. Ukiacha 14 mbele na kuweka 45 nyuma unapata 3.21. Yaani jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma, na dereva hatahisi tofauti kati ya hizo mbili. Kwa mzunguko ule ule wa injini, palipokuwa na kilomita 60 kwa saa sasa patakuwa na 56 hivi. Mwambie kabla hujafungua bolti, kwa sababu akishuka Mombo akaingia barabara kuu ya Korogwe ataona injini inalia na mafuta yanakwenda, kisha atarudi kukulaumu.

Cheni nayo ina neno lake hapo. Ukipunguza meno ya mbele, injini ile ile inaivuta cheni kwa mkazo mkubwa zaidi, maana duara limekuwa dogo. Kutoka 14 kwenda 12 mkazo unapanda kwa karibu asilimia 17, na kila pingili inakunjwa kwa pembe kali zaidi inapopita pale mbele. Ukiongeza meno ya nyuma, mkazo huo wa injini kwenye cheni haubadiliki. Kwa hiyo kwa mtu wa mzigo mimi huongeza nyuma. Ni ghali zaidi, inadai pingili mbili za ziada, na lazima uangalie kama sproketi kubwa haikwaruzi kava. Lakini cheni inadumu. Sproketi ya 12 kwenye pikipiki ya viazi siiwekei mtu yeyote, hata akinibembeleza.

3. Cheni, sproketi ya mbele na ya nyuma huingia pamoja na hutoka pamoja. Hapa nataka tukae kidogo.

Kijana mmoja niliyemfundisha kazi, na ambaye sasa ana gereji yake, amenipa ruhusa nieleze yaliyompata, ili ninyi msipitie huko. Alikuja mteja wa mkataba, wale wanaopeleka hesabu kwa bosi kila jioni mpaka pikipiki iwe yao. Hana hela ya seti nzima. Anataka jino moja lipunguzwe mbele ili apande na gunia mbili bila kushuka kusukuma. Cheni imelegea, ekseli haina tena pa kurudi. Kijana wangu akamwonea huruma. Akakata pingili mbili, akafunga 13 mpya mbele, sproketi ya nyuma yenye meno yaliyolala akaiacha, akakaza, akapuliza oili. Akaijaribu kwenye tambarare mbele ya gereji, akiwa peke yake, bila mzigo. Ikaenda vizuri. Mteja akashukuru, akaondoka.

Siku chache baadaye, kwenye mpando wenye kona, na gunia nyuma, dereva alipotia moto gia ya kwanza cheni ikaruka meno. Ikaruka tena. Mara ya tatu ikatoka kabisa, ikajikunja kati ya sproketi ya mbele na ukuta wa injini, tairi la nyuma likajifunga, pikipiki ikalala na mzigo wake. Dereva aliungua mguu kwa ekzosi. Ukuta wa injini ulipasuka pale sproketi ilipo, oili yote ikamwagika. Ule ufa ni wa alumini, haushonwi kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea. Ilibidi injini ishushwe, ipelekwe kwa fundi wa gesi ya agoni, na kwa siku zote hizo dereva alikaa bila hesabu huku bosi akipiga simu. Gharama ilizidi seti ya cheni na sproketi mara kadhaa.

Kijana aliponieleza hakuanza na gharama. Alianza na sauti. "Fundi, niliisikia. Nilipokuwa naijaribu ilipiga tak, mara moja tu, nilipokuwa naondoka. Nikajiambia ni bolti ya kava." Akanyamaza, kisha akasema, "Nilijua si bolti." Nilikaa naye kimya pale kwenye benchi. Sikuwa na la kumwongezea, na sikumgombeza.

Elewa kwa nini cheni ile iliruka. Tunasema cheni "imetanuka", lakini chuma chenyewe hakijavutika. Zilizolika ni pini na bushi ndani ya kila pingili, kidogo kidogo, mpaka nafasi kutoka pini hadi pini ikawa kubwa kuliko nafasi ya meno. Cheni mpya ya 428, hiyo ni namba ya ukubwa wake, ina milimita 12.7 kati ya pini na pini. Ivute inyooke, pima pingili 20: inapaswa kuwa milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Ukitoa pingili mbili umefupisha urefu tu. Kila pingili iliyobaki bado imelika vile vile. Sasa ukiivalisha sproketi mpya yenye meno ya kipimo sahihi, cheni haikai chini ya jino. Inapanda juu ya jino, mzigo wote unabebwa na meno mawili matatu badala ya kugawanywa, na sproketi mpya inageuka kulabu kabla haijazeeka. Kwenye tambarare inavumilia. Mlimani na gunia haivumilii.

Kwa hiyo mteja akikosa hela ya seti, usimtimue na usimkatie pingili. Kaza kile kinachokazika salama, mwambie abebe gunia moja, mwandikie bei ya seti kwenye karatasi ampelekee bosi wake. Mabosi wengi hulipa wakielezwa na fundi kwa hesabu, kwa sababu pikipiki iliyolala gereji haiwaletei kitu.

4. Kulegea kwa cheni kague pia mtu akiwa amekaa juu. Tairi la nyuma likipanda kwa uzito, cheni inajikaza yenyewe, na ile uliyoifunga vizuri bila mzigo itakuwa kamba ya gitaa dereva akiweka lumbesa nyuma. Inayoumia hapo ni bearing ya shafti ya gia pamoja na sili yake, halafu dereva anakuja kulalamika oili inavuja. Pikipiki nyingi za kazi, zikiwa hazina mtu wala mzigo, zinataka mchezo (nafasi ya kupanda na kushuka) wa milimita 20 hadi 30 katikati ya cheni ya chini. Soma stika kwenye kava kama bado ipo. Zungusha tairi mzunguko mzima utafute pale cheni inapokaza zaidi, pima hapo hapo. Alama za ekseli zilingane kulia na kushoto.

5. Klipu ya kiungo kinachounga ncha za cheni: upande uliofungwa utangulie mwendo, mdomo ufuate nyuma. Sehemu ya juu ya cheni huenda mbele, basi itazame kutoka hapo na hutakosea.

6. Bati la kushikia sproketi ya mbele na bolti zake mbili ndogo: safisha nyuzi, kaza kwa kiasi, usitumie bomba kurefusha spana. Raba zilizo ndani ya habu ya tairi la nyuma zikicheza, badilisha siku hiyo hiyo; kila dereva akitia moto zinaipiga cheni ngumi.

7. Oili chafu ya injini usiipake. Ina vumbi la chuma ndani yake, na udongo mwekundu wa huku ukinata juu yake unakuwa msasa. Oili ya gia namba 90, kidogo, upande wa ndani wa cheni, jioni cheni ikiwa bado na joto ili iingie ndani hadi asubuhi. Wakati wa mvua dereva aoshe tope kwanza.

8. Msimwachie dereva aondoke kabla hamjazungumza kuhusu kushuka. Wengi wao wakitoka Soni kwenda Mombo huzima injini au huweka gia huru kuokoa mafuta. Breki ya ngoma ya nyuma, na mzigo, na kona zile: inachemka, inapoteza mshiko, na dereva hana tena cha kumshikilia. Sproketi ya mlima uliyomfungia inamsaidia zaidi kwenye mteremko kuliko anavyodhani, kwa sababu injini sasa inazuia kwa nguvu zaidi, ila tu kama pikipiki iko kwenye gia. Gia aliyopandia ndiyo ashukie. Mwambie kama unavyomwambia mdogo wako, hata kama anakuzidi umri. Ukimwita kaka na kumweleza kwa heshima atasikiliza.

9. Kava la cheni lirudi mahali pake. Najua linasumbua kufunga, bolti zake zinapotea, na wateja wengine wenyewe wanasema liachwe. Lakini anayepanda nyuma mara nyingi ni mama aliyekaa upande mmoja, na ncha ya kanga yake inaning'inia karibu kabisa na sproketi ya nyuma. Kanga ikinaswa humvuta na yeye. Kama kava limevunjika, kata bati ulitengeneze, fundi bati yupo soko lolote. Mimi siikabidhi pikipiki ya abiria ikiwa sproketi iko wazi, na kijana yeyote aliyepita kwenye gereji yangu anajua hilo. Kisha mwambie dereva arudi baada ya wiki moja, bila malipo, uikaze cheni mpya, maana siku za mwanzo ndipo inapolegea zaidi. Akirudi, ipakie mzigo, uijaribu kwenye mpando, na masikio yako yawe wazi.