Muulize Mama Mitambo: Kompyuta ina kasi, kisu kinachelewa

SWALI: Shikamoo Mama Mitambo. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha kamba za mkonge, Pongwe, hapa Tanga. Kamba inapita mita 2 kwa sekunde, sensa ikiona alama, kompyuta inaamuru kisu kishuke. Bosi kanunua kompyuta mpya ya Linux, kwenye majaribio ya kasi imeiacha mbali ile ya zamani. Lakini kila zamu vipande viwili vitatu vinazidi sentimita 4. Na vijana huweka mikono karibu na kisu kunyoosha kamba. Tumeuziwa mbovu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbovu si kompyuta, ni kipimo. Kwa mwendo huo, sentimita 4 ni milisekunde 20 za kuchelewa. Ndani ya muda huo prosesa yako inamaliza hesabu kwa mamilioni, kwa hiyo nguvu inazo. Ilikuwa na shughuli nyingine tu.

Majaribio ya kasi ya kawaida, tangu enzi za Dhrystone ya mwaka 1984, huhesabu kazi ngapi zimeisha kwa sekunde. Hayaulizi kama kila moja imeisha kwa wakati wake. Wastani waachie wauzaji. Wewe tafuta siku yake mbaya kuliko zote.

Endesha cyclictest, programu ya Linux ya kupima ucheleweshaji. Hujiwekea saa ya kuamka, tuseme kila milisekunde 1, kisha huandika imechelewa kiasi gani. Soma Max, yaani kuchelewa kukubwa kuliko kote; Avg, yaani wastani, iache. Na usiipime kompyuta imekaa kitako! Nakili mafaili makubwa, ujaze mtandao, mashine ikate kamba, uiache mpaka asubuhi. Niliwahi kupima mchana kutwa kwenye kiwanda kimoja hapa mjini, namba tamu kabisa, nikapanda baiskeli yangu kurudi Chumbageni nikijisifu. Kesho yake nakuta Max imeruka: saa sita usiku programu ya kuhifadhi nakala ilikuwa imeanza kazi. Chai ilinipoa mkononi.

Max ikiwa kubwa, zima mipangilio ya kuokoa umeme, maana prosesa iliyolala fofofo huchelewa kuamka, kisha tumia kerneli (kiini cha Linux) yenye PREEMPT_RT, mpangilio unaoruhusu kazi ya haraka kukatiza karibu kazi nyingine yoyote; tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024 imo ndani ya Linux yenyewe. Ila hayo ya usingizi kwa kawaida ni mikrosekunde, yaani vipande vya elfu vya milisekunde. Kwa milisekunde 20 namshuku mwingine: ikiwa cyclictest uliyoipa kipaumbele cha juu inatoa Max ndogo huku kisu bado kinachelewa, basi programu yenu ya kisu inapanga foleni na programu nyingine zote, au inaandika kumbukumbu za matukio (log) kwenye diski katikati ya kazi. Ipe SCHED_FIFO, mpangilio wa Linux unaoipa zamu kabla ya programu za kawaida, na uandishi uhamishie kwingine.

Hiyo mikono ndiyo imenitoa jasho. Hata ukipima mwezi mzima, hujathibitisha kwamba haitachelewa kamwe. Kinga ya kisu iwe na swichi yake, inayokata umeme wa kisu bila kuiuliza kompyuta. Hiyo funga leo. Cyclictest ingoje kesho.