Re: Nyimbo za Mbaraka zimechanganyika, nitajuaje za Super Volcano?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, una flashi ya mzee imejaa nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, zote zimeandikwa jina lake tu, unataka kutenganisha za bendi yake ya kwanza Morogoro Jazz na za Super Volcano, na pia unauliza Volcano ingefika wapi kama Mbaraka angeishi.

Anza na mwaka. Alitoka Morogoro Jazz 1973 akaunda Super Volcano, kwa hiyo chochote cha kabla ya hapo hakiwezi kuwa Volcano. Kama mzee bado ana santuri zenyewe soma ile karatasi ya katikati, jina la bendi lipo pale, usiamini majina ya mafaili kabisa. Bila santuri tumia sikio, mimi za nyumbani nilizichambua hivyo, nikaanza na Shida ambayo ni Volcano halafu nikawa nalinganisha lile gitaa la solo na uimbaji na nyingine moja moja. Inachosha lakini inakubali.

Hilo la pili linaniuma mpaka leo. Alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, ana miaka 34 tu! Bendi kama NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, akiondoka mwanamuziki analetwa mwingine, ila Volcano mtunzi, muimbaji na solo ni yeye, nani angeziba? Mi naamini miaka ya 80 angechuana na bendi ya Mlimani Park vibaya sana.