Mwaka mmoja katika nyumba ya watu: majibu kwa wanaokwenda Ujerumani

Mitihani ya kidato cha sita humalizika mwishoni mwa mwaka, na wengi huingia chuo kikuu Agosti. Katika pengo hilo, vijana wengi wa Uganda huanza kufikiria kuishi na familia wenyeji nje ya nchi, na baadhi yao huomba chuo kiwasubiri mwaka mzima. Barua nyingi nilizopokea zinahusu Ujerumani na mpango wa au pair, ambapo kijana huishi na familia, huwaangalia watoto, na hujifunza lugha.

Nina miaka 19, ninaishi Jinja. Wakala mmoja wa Kampala anataka shilingi milioni 4 ili anitafutie familia, na anasema Kijerumani nitajifunza nikifika. Nimwamini?

Usimwamini, na kauli yake kuhusu lugha inatosha kumfichua kabla hatujagusa fedha. Visa ya au pair ya Ujerumani humtaka mwombaji awe na Kijerumani cha msingi cha ngazi ya A1, awe ametimiza miaka 18 na hajafikisha 27, na familia inayompokea iwe inazungumza Kijerumani nyumbani. Anayekuambia uende bila lugha ama haijui kazi yake, ama anakupeleka kwa njia nyingine asiyotaka kuitaja. Kuhusu ada, sheria ya Ujerumani haimruhusu wakala kumtoza au pair zaidi ya euro 150, na wako wanaopata familia bila wakala yeyote, kwa kuandikiana na kuzungumza kwa video mara kadhaa. Nauli kwa kawaida utajilipia mwenyewe, lakini bima ni jukumu la familia. Fedha hizo zikienda kwenye masomo ya Kijerumani pale Goethe-Zentrum Kampala, mtihani, pasipoti na sehemu ya nauli, zitakufikisha mbali kuliko mfukoni mwa bwana huyo. Ikiwa bado unataka kupitia kampuni ya hapa nyumbani, uliza kwanza Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii kama ina leseni.

Niko Stuttgart, mwezi wa pili sasa. Siku ya kwanza nilipiga magoti kumsalimia mama mwenyeji kama tulivyolelewa Masaka, naye akainama kutafuta kitu alichodhani nimekiangusha. Jioni tunakula mkate na jibini tu, na ninaona haya kusema nina njaa.

Binti yangu, adabu yako usiitupe, ila ujue kwamba huko heshima huonekana kwa namna nyingine: kufika kwa wakati uliosemwa, kumtazama mtu usoni unapozungumza naye, na kumweleza jambo linalokusumbua kabla halijawa kisirani. Mweleze mama huyo maana ya kupiga magoti kwenu. Nadhani atafurahi kujua, na watoto watataka kujaribu.

Suala la chakula ni zito kuliko linavyoonekana. Katika nyumba nyingi za Wajerumani chakula cha moto ni cha mchana, na jioni huwekwa mezani mkate mzito, jibini, vipande vya nyama baridi na matango, kila mtu akajipakulia. Sisi tumezoea mgeni kukataa mara ya kwanza na ya pili kwa haya, akisubiri kusihiwa, na mwenyeji wa Kiganda angeona aibu asiposihi. Huko ukisema "asante, nimeshiba", sahani inaondolewa, wala hakuna aliyekusudia kukunyima. Kwa hiyo sema wazi kwamba umezoea kula cha moto usiku, kisha omba upike mara moja kwa juma. Ndizi za kupika na unga wa mahindi hupatikana katika maduka ya Waafrika na Waasia mijini, na siagi ya karanga isiyo na sukari hutoa mchuzi usioaibisha. Nunua vitu hivyo Jumamosi, kwa kuwa Jumapili karibu maduka yote hufungwa.

Familia yangu hunitaka niwe na watoto tangu asubuhi hadi usiku, na sasa nimeambiwa nimwangalie pia bibi yao mgonjwa. Nikikataa, je, watanirudisha Uganda?

Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe, lakini jembe la au pair lina kipimo. Kanuni za Ujerumani zinaweka kikomo cha saa 30 kwa juma, na kwa kawaida zisizidi 6 kwa siku. Unapaswa kupata siku moja na nusu ya mapumziko kila juma, jioni nne za kwako, na angalau Jumapili moja kwa mwezi. Kuuguza mzee hakumo kabisa katika kazi hiyo. Andika saa zako kwenye daftari kwa juma zima, kisha omba mkae nyote mezani mkataba ukiwa mbele yenu. Wasipobadilika, unaweza kutoa notisi iliyoandikwa katika mkataba, ambayo mara nyingi ni ya siku 14, na kutafuta familia nyingine. Iarifu ofisi ya wageni ya mji wako kabla ya kuhama, maana kibali chako cha kukaa kinahusiana na mpango huo.

Ndugu zangu wa Mbale wanaamini ninalipwa mshahara wa Ulaya. Niwajibu nini?

Waambie kiasi chenyewe. Posho ya au pair ni euro 280 kwa mwezi, zaidi kidogo ya shilingi milioni moja, pamoja na euro 70 ambazo familia huchangia kozi ya lugha. Kahawa, simu na koti la baridi vyote hutoka kwenye hizo 280. Ukianza kutuma kila mwezi tangu mwanzo, itakuwa vigumu kuacha. Afadhali utume mara moja kwa jambo maalumu, na walijue mapema.

Binti yetu ataondoka Entebbe mwezi ujao. Sisi wazazi tubaki na nini?

Mzazi mwenzangu, bakini na nakala ya pasipoti, visa na mkataba, anwani kamili ya familia, na namba ya Ubalozi wa Uganda ulioko Berlin. Pasipoti yenyewe aishike yeye, hata akiambiwa kwamba itahifadhiwa kabatini kwa usalama.

Mimi ni mvulana. Je, kazi hii ni ya wasichana peke yao?

Hapana, kanuni hazibagui, ingawa familia nyingi huchagua wasichana. Kama watoto wadogo hawakuvutii, tazama mpango wa weltwärts wa serikali ya Ujerumani, ambao ulianza 2008 kwa kuwatuma Wajerumani nje, na tangu 2013 hupokea pia vijana kutoka nchi kama yetu kujitolea katika shule, mashamba na vituo vya walemavu. Maombi hupitia shirika la Uganda lenye mshirika Ujerumani, na ni vyema kuyaanza karibu mwaka mmoja kabla ya safari.